Viganja Viwili Vilivyounganishwa: 🙏 Inasema Nini Katika Meseji Zetu

Kazi yangu ni isimu ya mawasiliano, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuchunguza jinsi tunavyoandikiana kwa Kiswahili kwenye simu. Hakuna alama ninayoulizwa habari zake mara nyingi zaidi ya viganja viwili vilivyounganishwa, 🙏. Mmoja anataka kujua kama ni sala, mwingine kama ni asante, na wa tatu ana uchungu kwa sababu alimwomba ndugu yake fedha, akajibiwa kwa alama hiyo tupu, asijue kama amekubaliwa au amekataliwa. Maoni yangu ni kwamba katika Kiswahili 🙏 haishiki nafasi ya neno lolote mahsusi. Kazi yake ni kumshusha anayeandika mbele ya anayesoma, na kama huko kujishusha ni kwa ajili ya ombi, shukrani, radhi au dua, hilo hujulikana kutokana na maneno yaliyo jirani nayo.

Asili yake ni Japani, ambako emoji zilitumika kwenye simu za mkononi kabla hazijaenea duniani. Mwaka 2010 iliingizwa katika toleo la 6.0 la Unicode, yaani ule mfumo unaoziwezesha simu na kompyuta za kampuni mbalimbali kusoma herufi zile zile, nayo ikapewa jina lenye maana ya mtu aliyeunganisha mikono. Jina hilo halikutaja sala wala shukrani, na ilikuwa haki lisitaje, kwa kuwa Wajapani huunganisha viganja kabla ya kula, wanapoomba radhi, wanapoomba hisani na wanapokuwa hekaluni. Wahindi na Wanepali husalimiana hivyo, na Wathai vilevile. Wapo waliodai kwamba mchoro ni wa watu wawili wanaogonganisha viganja kwa furaha, wakatoa ushahidi wa miale ya njano ambayo simu za zamani za Apple ziliionyesha nyuma ya mikono. Lakini mikono ile inapanda sambamba kutoka chini kama ya mtu mmoja, ilhali ya wanaogonganisha viganja hutoka pande mbili zinazotazamana. Katika meseji za Kiswahili sijaona dai hilo likishika mizizi.

Kwetu alama hii ilipokewa upesi, na nadhani sababu ni adabu tuliyokuwa nayo tayari. Kuunganisha viganja si salamu ya kimila kwa wenyeji wengi wa Afrika Mashariki, lakini kutumia mikono miwili mbele ya mkubwa ni jambo ambalo watoto wengi hufundishwa mapema: hupokea kwa mikono miwili, au huushika mkono wa kulia kwa wa kushoto wanapotoa kitu au wanaposalimu. Pamoja na hayo, Kiswahili kina desturi ya kuifunika amri kwa ombi. Mtu mwenye adabu hamwambii mhudumu alete chai, bali humwambia "naomba chai", na sauti yake hulainika anapotamka. Kwenye maandishi sauti hiyo haipo. "Naomba unitumie ile hela leo" inaweza kusomwa kama kilio cha mwenye shida au kama dai la mkopeshaji aliyechoka kusubiri, na mwandishi anayeweka 🙏 mwishoni anairudisha ile sauti ya chini ambayo angeitumia kama wangekuwa wamekaa pamoja barazani.

Tuchukue ujumbe wa kawaida kabisa: "Shikamoo mama mdogo. Samahani kwa usumbufu, naomba uniazime elfu ishirini, nitarudisha mwisho wa mwezi 🙏". Hapa alama haiongezi habari yoyote, kwa kuwa shikamoo, samahani na naomba zimeshafanya kazi yote, nayo inazikazia tu. Mama mdogo akijibu, "Sawa mwanangu, jioni 🙏", huo ni upole. Akijibu, "Mwezi huu mambo ni magumu mwanangu 🙏", alama ile ile imekuwa ya kuomba radhi. Akijibu kwa 🙏 peke yake, mwombaji hana cha kushika, kwani inaweza kuwa "nimeona", inaweza kuwa "nimekubali", na inaweza pia kuwa "unisamehe, siwezi". Kwa kadiri nilivyoona, mwenye shida huisoma kwa matumaini na kuichukua kuwa ahadi, ilhali aliyeituma mara nyingi alikuwa akitafuta njia ya kukataa bila kutamka hapana. Hakuna mwenye nia mbaya kati ya hao wawili. Kumnyima mtu waziwazi ni jambo zito kwetu, na alama isiyo na neno humpa mnyimaji mahali pa kujisitiri, lakini gharama yake humwangukia yule anayengoja hadi usiku.

Utata huo huonekana zaidi katika vikundi vya WhatsApp vya harusi na misiba. Mweka hazina akiandika, "Ndugu zangu, tukumbuke ahadi zetu, siku zimekwisha 🙏🙏🙏", kule kurudia ni kwa ajili ya kuongeza uzito: moja ni adabu, tatu ni kusihi, na msururu mzima ni wa mtu aliyeelemewa. Majibu yakimiminika, na kila mmoja akaweka 🙏 tu, mweka hazina hajui aandike nini kwenye orodha ya michango. Wenye uzoefu huwataka wanakikundi waandike neno kwanza, iwe "nimetuma" au "natuma Ijumaa", kisha alama ifuate. Ni utaratibu ninaoupendekeza kwa kila kamati kwa moyo wangu wote, kwa sababu "Nimetuma 🙏" ikifuatwa na "Imefika 🙏" haiachi shaka kwa yeyote, hata kwa shangazi aliyeongezwa kwenye kikundi jana.

Mwaka 2022 WhatsApp ilianza kuwaruhusu watumiaji kujibu ujumbe kwa kuubonyeza na kuchagua alama, na 🙏 ilikuwa miongoni mwa zile sita za mwanzo. Tangu hapo kujishusha kumekuwa rahisi mno. Zamani ilibidi mtu afungue orodha ya alama, aitafute, aiweke, na kwa kawaida angeandika hata neno moja pamoja nayo. Sasa inabandikwa chini ya tangazo la kikao, chini ya taarifa ya kukatika kwa umeme na chini ya picha ya mtoto mchanga, na mahali kama hapo maana yake imefifia na kuwa "nimesoma". Sioni ubaya wa hilo katika matangazo. Katika ujumbe unaouliza swali, kubandika tu si jibu.

Umri nao hubadili mambo. Kijana akimtumia mzee, alama hii inapanda, na ni heshima, ingawa haichukui nafasi ya shikamoo wala ya asante iliyoandikwa kwa herufi zote. Mzee akimtumia kijana, kama katika "Mungu akubariki mwanangu 🙏", hapo hajishushi mbele ya mtoto wake, bali amesimama upande wake mbele ya Mungu, na alama imekuwa ya baraka.

Hapo tunafika kwenye dini, ambako uangalifu unahitajika zaidi. Muislamu anapoomba dua huinua viganja vikiwa wazi kuelekea juu, na kwa muda mrefu simu hazikuwa na mchoro unaofanana na hali hiyo. Ulikuja mwaka 2017, katika toleo la 10.0 la Unicode: 🤲, viganja viwili vilivyowekwa pamoja na kufunguliwa. Jina lake rasmi halitaji dua, lakini matumizi yameipa maana hiyo, na leo nikisoma meseji za Mombasa au Unguja huikuta pembeni ya "Allahumma amin" na "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un". Jambo linalonivutia ni kwamba Waislamu wengi hawakuiacha 🙏 kwa sababu hiyo. Mtu huyo huyo huandika "Mola amrehemu 🤲", na baada ya muda mfupi, "Asante sana kaka kwa msaada wako 🙏". Wamezigawia kazi, moja ikiwa ya kumwelekea Mungu na nyingine ya kumwelekea binadamu. Kwa Wakristo 🙏 moja hufanya kazi zote mbili, na "Amina 🙏" huonekana katika kikundi kile kile ambamo alama hiyo hiyo imetumika kuomba namba ya fundi bomba.

Kwa hiyo katika rambirambi, ambako watu wa dini zote hukutana kwenye kikundi kimoja, ninashauri pole itangulie, lifuate jina la marehemu, kisha dua kwa maneno yanayomfaa mfiwa, na mikono ya aina yoyote ije mwisho. Aliyechelewa kufungua simu, akakuta msururu wa 🙏 asijue ni nani aliyefariki, amuulize mtu pembeni kabla hajaongeza ya kwake.