Barua ya uzito wa mtoto: maswali ya wazazi walioko Uingereza

Shule imempima mwanangu bila kuniuliza. Inaruhusiwa?

Waliuliza, ila kwa barua. England hupima urefu na uzito wa watoto wa shule za serikali mara mbili: wakiwa Reception (miaka 4 hadi 5) na Year 6 (miaka 10 hadi 11). Utaratibu huu ulianza mwaka wa masomo 2005/06. Mtoto huvua viatu na koti tu. Mzazi asiyetaka hujibu kukataa, ukinyamaza, umekubali. Na barua yenyewe wengi tunaikuta chini ya begi, imelowa maji ya chupa.

Nyumbani wangesema ana afya. Huku wanasema uzito umezidi. Nani mkweli?

Sisi tumekulia kwenye kliniki za mizani ya kuning'inia, mtoto kavalishwa kikaptula cha turubai, mama macho kwenye kadi akiomba mstari usishuke. Hofu yetu ni kukonda, ndiyo maana "kanenepa" ni sifa. Shule inatazama chati.

Mtoto wa kilo 40 na sentimita 140: gawa 40 kwa 1.4, kisha tena kwa 1.4, unapata 20.4. Hiyo ndiyo BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Kwa mtu mzima ni ya kawaida. Kwa mtoto wa miaka 10 iko juu. Kwa hiyo usitumie kipimo chako kumpimia yeye. Barua ya majibu husema uzito umezidi pale mtoto anapofika mstari wa 91, yaani kawapita watoto 91 kati ya 100 wa umri na jinsia yake. Chati hiyo ilitokana na watoto wa Uingereza wa enzi za 1990, si hawa anaosoma nao leo.

Barua hizi zinasaidia?

Peke yake, sidhani. California walifuatilia wanafunzi karibu 29,000: kuwapelekea wazazi majibu hakukupunguza uzito wa watoto.

Nimpunguzie chakula?

Usimshindishe njaa. Anakua, mara nyingi inatosha kilo zisimame huku urefu ukipanda. Anza na soda na juisi, kisha zungumza na nesi wa shule au GP (daktari wa familia). Na usimpandishe mizani mbele ya wageni.

Na anayekonda?

Akikonda ghafla huku anakunywa maji mno na kukojoa kila mara, usingoje barua. Inaweza kuwa kisukari; mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo.