Kiwango cha oili: chupa kuisha si kipimo

Fundi akikurudishia pikipiki baada ya sevisi, mara nyingi atakwambia, "Nimeweka lita nzima." Hicho ni kiasi alichomimina. Kiwango ni kitu kingine: ni pale oili ilipofikia ndani ya injini, pikipiki ikiwa imesimama wima na oili imeshatulia chini. Hukisoma kwenye kijiti cha kupimia, au kwenye kioo kidogo cha duara ubavuni mwa injini, na kinatakiwa kiwe kati ya alama ya chini na ya juu.

Kwa nini vitofautiane? Injini haimwagiki yote. Ukifungua boliti ya chini, oili nyingine hubaki kwenye gia, klachi na vijia vya ndani. Ndiyo maana vitabu vya pikipiki hutaja namba mbili: ya kubadilisha oili tu, na kubwa zaidi, ya injini iliyofunguliwa ikakauka. Pikipiki ikitaka lita 0.9 na chupa ni lita 1, fundi mwenye haraka humimina hadi tone la mwisho. Siku hizi masalia ya chupa nayadai, nimeyalipia.

Yalinikuta mwenyewe. Niliichukua pikipiki yangu kutoka sevisi Kampala asubuhi, nikashika barabara ya Jinja. Kufika Mukono, moshi wa bluu nyuma. Kijiti kilionyesha oili imepita alama ya juu kwa milimita kama nane, ina povu kama chai ya maziwa inayotaka kufurika, na chujio cha hewa limelowa. Oili ikizidi, kranki, mhimili unaozungushwa na pistoni, huipiga kama mwiko, inashika hewa, na povu halilainishi chuma ipasavyo. Nyingine hutokea kwenye mpira wa injini wa kupumulia hadi kwenye chujio cha hewa. Ikipungua, chuma husuguana na chuma. Na kwa pikipiki nyingi oili hiyo hiyo ndiyo ya gia na klachi.

Steji zetu nyingi za Kampala, yaani vituo vya boda, ziko kwenye miteremko, na stendi ya pembeni huilaza pikipiki, kwa hiyo ukipimia hapo kijiti kitakudanganya. Tafuta tambarare, tumia stendi kubwa. Washa injini dakika tatu, zima, subiri mbili tatu, futa kijiti, kirudishe, kisha kisome. Hapo kwenye kukirudisha ndipo wengi hukosea: pikipiki nyingine hutaka kijiti kiegeshwe tu tunduni bila kukazwa, nyingine hutaka kikazwe kabisa. Tofauti hiyo peke yake yaweza kukutoa alama moja hadi nyingine. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kinachoamua.

Rangi nayo itazame. Oili mpya hung'aa kama asali. Ikiwa nyeusi tii kabla hujatoka gereji, uliza kama kweli imebadilishwa.

Ikipungua, ongeza kidogo kidogo oili ya aina ile ile, yenye maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya pikipiki. Ya gari yaweza kufanya klachi iteleze.

Ikizidi, itoe. Kijana wa boda pale Mukono alikuwa na bomba la sindano la mililita 20 lililofungwa mpira mwembamba. Alivuta mara nane, akangoja, akapima, akaninyoshea kijiti: chini kidogo ya alama ya juu. Ile oili aliimimina kwenye chupa ya soda, akaondoka nayo kwa ajili ya mnyororo wake.