SBIR: ruzuku inayolipia swali

Mtajie mkulima wa Mbozi au wa Kitale neno ruzuku, naye atafikiria mbolea: mfuko uliopunguzwa bei, namba ya usajili, foleni kwa wakala. Kwa hiyo msomaji akikutana na SBIR, mpango wa serikali ya Marekani wa kugharimia utafiti wa ubunifu katika kampuni ndogo, ni rahisi kudhani ni jambo lilelile. Mpango huu una tawi lake katika Wizara ya Kilimo ya huko, USDA, na fedha zake kweli ni ruzuku. Lakini hazinunui mbolea, wala trekta, wala shamba. Zinalipia swali.

Chukua kampuni ya watu wanne wanaotengeneza mashine ya kukaushia nafaka. Mmoja wao anaamini kwamba hewa ikipitishwa kwa namna fulani, mahindi yatakauka kwa nusu ya kuni na sumukuvu haitapata nafasi. Anaamini, ila hajui. Benki haikopeshi imani. Mwekezaji anataka kuwaona wateja kwanza. Chuo kikuu kina maabara, lakini watafiti wake wana maswali yao wenyewe. Basi wazo linabaki kwenye daftari mpaka mwenyewe analisahau. SBIR ilitungwa kwa ajili ya hatua hiyo hasa: serikali inatoa fedha ili mtu akatafute jibu, na akirudi na ushahidi wa kweli kwamba haiwezekani, hadaiwi hata senti. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha dhana yote. Hasara ya kutojua imebebwa na mfuko wa umma, haikuachwa mabegani mwa fundi peke yake.

Hapa ndipo inapotofautiana na mashindano ya ubunifu tuliyoyazoea. Tanzania, kwa mfano, ina MAKISATU tangu 2019, na nayapenda kwa jinsi yanavyowatoa mafundi vichochoroni. Lakini mashindano humtuza mtu aliyekwisha kutengeneza kitu. SBIR inamlipa mtu kabla kitu hakijajulikana kama kinatengenezeka.

Wazo hili lilianza 1977 katika NSF, taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani, chini ya afisa mmoja aliyeitwa Roland Tibbetts. Mwaka 1982 Rais Reagan alitia saini sheria iliyolieneza serikalini. Nguvu ya sheria hiyo iko kwenye hesabu. Kila idara ambayo bajeti yake ya utafiti unaofanywa nje ya idara inapita dola milioni 100 kwa mwaka, lazima itenge asilimia fulani kwa kampuni ndogo. Ilianza na asilimia 0.2, na tangu 2017 ni asilimia 3.2. Haisubiri waziri mwenye moyo mwema. Idara 11 zimo, zikiwemo za ulinzi, afya na nishati, ambazo mafungu yake ni manono kuliko la kilimo.

"Ndogo" kwa sheria yao ni kampuni isiyozidi wafanyakazi 500. Kwetu hicho ni kiwanda kikubwa, lakini wengi wanaoomba ni timu za watu wachache tu. Iwe kampuni ya kutafuta faida, na zaidi ya nusu yake imilikiwe na raia au wakazi wa kudumu wa Marekani. Mkenya wa Minnesota au Mkongomani wa Maine mwenye kadi ya kijani anahesabika. Mtafiti mkuu lazima ajira yake kuu iwe katika kampuni hiyo, na kazi ifanyike ndani ya Marekani. Kwa hiyo aliyeko Arusha au Kisumu asidanganywe na mtu kwamba anaweza kuombewa fedha hizi.

Kazi huenda kwa awamu. Ya kwanza ni upembuzi yakinifu: je, jambo hili linawezekana kabisa? Upande wa USDA, ambako mpango unasimamiwa na taasisi iitwayo NIFA, awamu hii katika miaka ya karibuni imekuwa ya miezi minane na kiasi kisichozidi dola 175,000. Aliyefaulu anaruhusiwa kuomba awamu ya pili, ya miaka miwili hivi na fedha zinazofikia dola 600,000, ili atoe mfano unaofanya kazi. Mada ni pana: mimea, mifugo, ufugaji wa samaki, misitu, sayansi ya chakula na lishe, hata nyenzo zinazofaa mashamba madogo na ya kati.

Nipeleke macho shambani kidogo. Katika bonde la Salinas, California, saladi hupandwa kwa mbegu zilizosongamana, kwa sababu si zote zitaota. Zikishachipua lazima zipunguzwe, mmea mmoja kila sentimita 25 au 30. Kwa miaka mingi ilikuwa kazi ya jembe: vibarua wameinama mstari kwa mstari, kila mmoja anachagua kwa jicho mche wa kuacha na kukata wenzake, siku nzima. Mwaka 2011 Jorge Heraud na Lee Redden walianzisha kampuni ya Blue River Technology wakitaka jicho hilo liwe kamera. Ugumu wa mashine ya namna hiyo ni kwamba trekta halisimami. Picha ipigwe, kompyuta itofautishe mche na mche, iamue upi ubaki, na dawa irushwe juu ya ile mingine, vyote kabla mstari haujapita. Kampuni hiyo ilipata fedha za SBIR, si kutoka USDA bali NSF, maana utafiti wa kilimo haulipiwi na wizara ya kilimo peke yake. Mwaka 2017 John Deere iliinunua kwa dola milioni 305.

Serikali ilipata nini? Hisa, hapana. Marejesho, hapana, huu si mkopo. Hataza, yaani haki za kumiliki uvumbuzi, nazo hubaki kwa kampuni, kwa msingi wa sheria ya 1980, na serikali hubakiwa na haki ya kuutumia uvumbuzi kwa shughuli zake bila kulipia. Inachotarajia ni ajira, kodi na teknolojia iliyofika kwa mkulima.

Awamu ya tatu ni kuingia sokoni, na humo fedha za SBIR hazimo kabisa. Wenyewe wanapaita mahali hapo bonde la mauti: mashine inafanya kazi, lakini hakuna pesa ya kutengeneza mia moja. Wengi hufia hapo. Wapo pia waliogeuza mpango kuwa riziki, kampuni zinazoshinda ruzuku mwaka baada ya mwaka na bidhaa haionekani. Nadhani lawama hiyo ni ya haki, na ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowagawa wabunge wa Marekani hadi muda wa sheria ukaisha tarehe 30 Septemba 2025 kabla hawajaafikiana kuiongeza.

Anayetaka kuelewa jinsi mpango unavyopima watu, asome andiko la mradi. Halitoshi kueleza sayansi. Lazima useme nani atanunua, kwa nini, na ukipata jibu utafanya nini nalo. Kujisajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali ya Marekani ambayo ni mlango wa lazima kwa waombaji, ni bure, ingawa huchukua wiki kadhaa. Wanaotoza ada kwa usajili huo wanauza subira tu. Andiko likiingia NIFA, linasomwa na wataalamu wa nje, na maoni yao humrudia mwombaji hata kama amekataliwa. Hapo ndipo wale wanne wa mashine ya kukaushia wanaweza kupata ukurasa ulioandikwa na mtu asiyewajua: mmepima mahindi ya kiangazi tu, yaliyovunwa wakati wa mvua je? Mwaka unaofuata wanaruhusiwa kurudi na andiko lilelile, likiwa na jibu la swali hilo.