DiGeorge: msizisingizie seli za ukingo wa neva

Wiki iliyopita nilikaa tena kusikiliza mawasilisho ya madaktari wanaosomea magonjwa ya watoto, na slaidi ya tatu ikawa ileile ya mwaka jana na ya mwaka juzi: "DiGeorge husababishwa na seli za ukingo wa neva kushindwa kuhama." Mstari mmoja, mshale mmoja, picha ya moyo, twende mbele. (Kwa mgeni: DiGeorge ni ugonjwa wa kuzaliwa nao unaoharibu moyo, tezi ya thaimasi na tezi za parathairoidi; seli za ukingo wa neva ni zile zinazozaliwa mgongoni mwa kiinitete kisha zikahama kwenda kujenga viungo vingine.) Niliinua mkono nikauliza: nani amesema seli hizo ndizo zenye hitilafu? Kimya. Kila mtu ameisoma mahali fulani na hakuna aliyeiuliza. Kwa hiyo naandika hapa, ili mara nyingine nitume kiungo badala ya kula nusu saa ya kipindi cha mtu.

La kwanza nalimaliza haraka: seli hizi haziujengi moyo. Moyo wetu, kama wa kuku na wa panya, hujengwa na mesodemu, tabaka la kati la kiinitete. Eneo la kwanza la moyo hutoa bomba la awali na sehemu kubwa ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto. Eneo la pili, ambalo tulilifahamu vizuri kuanzia 2001, hulirefusha bomba hilo na kutoa ventrikali ya kulia pamoja na njia ya kutokea damu. Moyo wa binadamu huanza kupiga karibu na siku ya 22, na hapo seli za ukingo wa neva hata hazijaukanyaga. Zinafika nyumba imeshasimama, ila ina mlango mmoja tu wa kutokea.

Kazi yake ni kuugawa mlango huo. Zinaondoka mgongoni, katika kipande kinachoanzia usawa wa katikati ya kitako cha sikio (pale sikio litakapoota) hadi mwisho wa somiti ya tatu (somiti ni vipande vya tishu vilivyopangana jozi jozi mgongoni), zinashuka hadi kwenye matao ya koromeo, yaani mikunjo ya shingo ya kiinitete yenye ateri ndani yake, la 3, la 4 na la 6, na nyingi zinabaki humo kuwa misuli laini ya kuta za ateri. Nyingine zinaendelea mpaka ndani ya njia ya kutokea damu, zinasongamana na kuunda ukuta unaojipinda, aota, ateri kuu ya mwili, upande huu, ateri ya mapafu upande ule. Chache zinakuwa ganglia, yaani vifundo vya neva, za parasimpathetiki zinazotuliza mapigo ya moyo. Hayo mnayajua.

Jambo hili linaonekana vizuri zaidi kwenye yai kuliko kwenye slaidi. Chukua yai lililokaa siku moja na nusu kwenye mashine ya kutotolesha, nyuzi 38. Lilaze ubavu, vuta ute kidogo kwa bomba la sindano ili kiinitete kishuke mbali na ganda, kisha kata kidirisha. Hutaona kitu, maana kila kilichomo kina rangi ya kiini. Ingiza tone la wino mweusi uliozimuliwa chini yake, na ghafla kinajitokeza cheupe juu ya weusi, kifupi kuliko punje ya mchele, somiti kama kumi zimepangana jozi kwa jozi. Kwa ncha ya sindano unakwangua mikunjo ya neva, kingo zinazotoa seli zetu, juu ya somiti tatu za kwanza, kulia na kushoto. Unaziba kidirisha kwa utepe na kulirudisha yai. Siku ya tisa au ya kumi unafungua. Kwenye kifaranga ambaye hakuguswa, mishipa miwili mikubwa inatoka moyoni ikiwa imepitana kama nyuzi za kamba inayosokotwa. Kwa uliyemkwangua, mara nyingi linatoka shina moja nene, na chini yake tundu kati ya ventrikali mbili. Mara ya kwanza nilipoliona shina lile nilibaki kwenye hadubini mpaka taa ikaanza kuchoma mikono. Mkwaruzo wa mgongoni, na ulemavu unatokea kifuani!

Jaribio hilo ni la Margaret Kirby na wenzake, lilichapishwa 1983, na linategemea kazi ya Nicole Le Douarin, aliyekuwa akipandikiza tishu za kware ndani ya kiinitete cha kuku. Kiini cha seli ya kware kinajitambulisha chenyewe kikitiwa rangi, hivyo ungeweza kuifuata seli popote iendapo. Mwaka uliofuata, 1984, ikaonekana kwamba ukikwangua palepale, tezi ya thaimasi, inayokomaza seli T za kinga, nayo inapungua au inakosekana. Sasa jiweke mahali pao. Una kifaranga mwenye shina moja la ateri, matao ya aota yaliyoharibika na thaimasi ndogo. Nani asingesema "huyu ni DiGeorge"? Mimi ningesema. Lilikuwa hitimisho la busara kwa ushahidi wa wakati ule, na ndilo lililoingia vitabuni. Ninachogombana nacho ni kwamba halijatoka humo.

Maana 2001 maabara kadhaa zilikuja na jeni TBX1. Wagonjwa wengi wa DiGeorge wamepoteza kipande cha kromosomu 22, kwenye 22q11.2, kwa kawaida besi jozi kama milioni 3, na TBX1 imo humo. Panya aliyenyimwa nakala zote mbili za jeni hii anapata shina moja la ateri na anakosa thaimasi. Aliyebaki na nakala moja anapata kasoro za ateri ya tao la nne. Picha ni ileile. Ila ukiuliza TBX1 inafanya kazi katika seli zipi, jibu ni endodemu (tabaka la ndani) ya koromeo, ektodemu (tabaka la nje) inayolifunika, na mesodemu ya eneo la pili la moyo. Seli za ukingo wa neva, zile tunazozitupia lawama kila mwaka, haziiwashi kabisa.

Soma sentensi hiyo mara mbili kabla hujatengeneza slaidi nyingine. Kwa upande wa TBX1, seli hazina kasoro. Kilichoharibika ni njia zinayoipita na majirani wanaoziongoza. Kwa mfano, TBX1 huiamsha jeni Gbx2 katika ektodemu ya koromeo, na ishara zitokazo huko ndizo zinazozielekeza seli hadi kwenye ateri ya tao la nne. Ishara zikikosekana, seli zinapotea. Mgeni akipotea kwa sababu wenyeji walibomoa alama za barabarani, hatusemi mgeni hajui kutembea.

Na msaada unakwenda pande zote mbili, jambo ambalo slaidi ya mshale mmoja haiwezi kulibeba. Ukizikwangua seli za ukingo wa neva kwenye kuku, moyo unapiga kwa udhaifu kabla hata ya wakati ambao seli hizo zingefika moyoni. Iweje mtu ambaye hajafika aharibu kazi? Inaelekea seli hizi zikiwa bado koromeoni hupunguza ishara ya FGF8, protini inayozihimiza seli kugawanyika. Zisipokuwepo, FGF8 inabaki juu, seli za eneo la pili zinaendelea kugawanyika badala ya kukomaa na kujiunga na bomba, na njia ya kutokea damu inabaki fupi. Njia fupi haijipangi vizuri juu ya ventrikali, aota inaishia kukalia tundu. Kwa hiyo kasoro nyingi za mpangilio, zile za jamii ya tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo zinazokuja pamoja), zinaweza kutokea bila ukuta wenyewe kukosekana. Kila mmoja hapo anamtegemea mwenzake, na ukimwondoa yeyote unapata magonjwa yanayofanana. Ndiyo maana kukwangua seli za ukingo kulituletea sura ya DiGeorge ingawa chanzo chake kwa watoto wetu kiko kwingine.

Sitaki mtoke hapa mkiimba kinyume chake. Katika kipande hicho cha kromosomu 22 imo pia jeni CRKL, na panya asiye nayo kabisa ana matatizo katika viungo vitokanavyo na seli za ukingo wa neva. Mtoto aliyepoteza kipande kizima amepoteza nakala moja ya kila jeni iliyomo. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba seli zake ni safi asilimia mia. Nasema tu kwamba mshitakiwa mkuu ni mwingine. Kama unataka mfano wa seli za ukingo zenyewe kuwa na hitilafu, mtazame panya aitwaye Splotch, aliyeharibika Pax3. Jeni hiyo hufanya kazi mgongoni, kunakozaliwa seli hizi, na panya mwenye nakala mbili mbovu hufa tumboni, mara nyingi akiwa na shina moja la ateri. Huyo mwandikieni "seli zimeshindwa" na sitanyanyua mkono. Hata hapo lipo la kutafakari: watu wenye nakala moja mbovu ya PAX3 hupata ugonjwa wa Waardenburg, wenye uziwi na mabaka meupe, na mioyo yao kwa kawaida ni mizima.

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Nimesema hapo juu kwamba seli hizi haziujengi moyo, na darasani nalisema kwa sauti kubwa kuliko imani yangu. Kwa samaki wa pundamilia tunajua tangu 2003 kwamba baadhi yake huwa misuli ya moyo yenyewe. Kwa ndege na mamalia tulifundishwa hapana, kwa sababu ufuatiliaji wa zamani haukuiona. Halafu 2019 ikachapishwa kazi iliyowafuatilia kuku na panya kwa njia mpya, ikadai kuwa zipo seli zinazofikia kuwa misuli. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Picha za kuku zinanishawishi. Za panya zinanipa shaka, kwa kuwa zinategemea chombo cha kijenetiki kinachoweza kuwaka mahali pasipokusudiwa. Kwa sasa ninafundisha kwamba misuli ni ya mesodemu, na pembeni ya ubao naweka alama ya kuuliza.

Daktari mmoja kijana aliniuliza baada ya kipindi: Mwalimu, kwani wodini inabadilisha nini kama ni seli au ni jirani? Inabadilisha. Ukiamini ni habari ya seli zinazokwenda moyoni, utautazama moyo. Ukijua kwamba ni koromeo zima limeyumba, utakumbuka kwamba mifuko ya tatu na ya nne ya endodemu hiyohiyo ndiyo inayotoa thaimasi na tezi za parathairoidi, zinazosimamia kalsiamu ya damu. Basi kichanga akija na shina moja la ateri, au na aota iliyokatika kati ya karotidi (ateri ya shingoni) ya kushoto na ateri ya chini ya mtulinga, pima kalsiamu kabla hajaanza degedege, na upime tena atakapoongezewa damu, maana sitrati, dawa ya kuzuia damu isigande iliyomo kwenye mfuko, inaishusha zaidi. Damu hiyo iombe iliyopigwa mionzi, ili seli za kinga za mtoaji zisimshambulie mtoto, mpaka uwe na uhakika kwamba ana seli T za kutosha. Omba kipimo cha 22q11.2. Kisha waite wazazi wote wawili, wapimwe nao.