Ulitundikiwa dripu ya madini ya chuma? Tuambie kabla ya kipimo cha MRI

Malalamiko yanayofika kwenye kitengo chetu cha picha za tiba yameongezeka, na mengi yana sura moja. Mgonjwa amejiandaa kwa MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu, amefika kwa wakati, kisha anarudishwa nyumbani kwa sababu mwezi uliopita alitundikiwa dripu ya madini ya chuma na hakututaarifu. Usumbufu huo tunauelewa. Lakini picha iliyovurugika yaweza kumfanya daktari aone ugonjwa usiokuwepo, au asiuone uliopo.

Dawa inayotuletea kesi nyingi ni ferumoksitoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2009 kutibu upungufu wa damu kwa watu wazima wenye ugonjwa sugu wa figo. Ni chembe za nano, yaani ndogo mno, za oksidi ya chuma zilizovikwa ganda la wanga. Ini na wengu huzikusanya, na taratibu chuma chake huingia kwenye akiba ya mwili na kutengenezea damu. Kabla hilo halijakamilika, chembe hubadilisha ishara ambazo mashine ya MRI huzipokea kutoka kwenye tishu, na athari hiyo yaweza kudumu hadi miezi 3. Eksirei, CT skani na ultrasaundi haziathiriki, kwa hiyo msiahirishe vipimo hivyo kwa sababu ya dripu.

Tuliseme wazi hili, maana maswali hayaishi: dripu hii haikugeuzi sumaku, wala mashine haizing'oi chembe hizo kutoka mwilini. Kila chembe ni ndogo kiasi kwamba joto la kawaida linatosha kuyumbisha usumaku wake. Ukiondoa uga wa sumaku wa nje, yaani nguvu ya sumaku ya mashine, hakuna usumaku unaosalia. Na zile video za mwaka 2021 za sarafu kuganda begani baada ya chanjo ya UVIKO-19? Chanjo hizo hazina chembe za sumaku. Sarafu hushikwa na jasho na mafuta ya ngozi.

Dripu yenyewe ina masharti. Tangu onyo kali la mwaka 2015 kuhusu mzio unaoweza kuua, dawa huchanganywa na maji ya dripu na kuingizwa polepole kwa dakika 15 au zaidi, si kwa sindano ya haraka kama zamani. Mgonjwa hubaki chini ya uangalizi, akipimwa presha na mapigo ya moyo, kwa angalau dakika 30 baada ya dripu kwisha. Anayeng'oa kanula (mrija mdogo wa dripu ulio mshipani) na kuondoka kwa kuwa "anajisikia vizuri" anayaweka maisha yake hatarini.

Wagonjwa wa saratani ya matiti nao watoe taarifa. Zipo chembe za sumaku zinazochomwa kwenye titi ili zifuate njia ya limfu (majimaji ya mwili) hadi tezi ya kwanza, ambayo daktari mpasuaji huitafuta kwa kifaa kinachohisi sumaku. Huacha doa la kahawia kwenye ngozi, na huvuruga picha za MRI za titi hilo kwa muda mrefu.

Chembe za sumaku zina matumizi mengine pia: kuunguza uvimbe kwa chembe zinazopashwa moto na uga wa sumaku unaogeuka mara 100,000 kwa sekunde kuliidhinishwa Ulaya mwaka 2010, kwa uvimbe wa ubongo. Si tiba ya kisukari, si ya mgongo. Anayewauzia bangili au matone ya "nano sumaku" kwa maradhi hayo hana idhini ya kutibu.

Siku ya kipimo, jazeni fomu ya usalama yote: jina la dawa, tarehe ya dripu ya mwisho, betri ya moyo, vyuma vya upasuaji. Msipokumbuka jina, leteni karatasi ya hospitali mlikotibiwa. Sehemu ikiachwa wazi, kipimo kinasimama hadi taarifa ipatikane, na nafasi anapewa mwingine. Fomu iliyosainiwa na ndugu, ilhali mgonjwa ni mtu mzima anayeweza kusaini mwenyewe, inarudishwa.