Kununua, kuuza na kupanga nyumba England: yanayosemwa na yaliyomo katika sheria

Katika vikundi vya simu vya Waswahili waishio Uingereza, swali la nyumba halikosi majibu. Haipiti saa moja kabla mwulizaji hajashauriwa na nusu ya kikundi, na wengi wao humweleza kwa uhakika mambo ambayo ni kweli kwa Mombasa au Dar es Salaam na si kweli kwa Leicester. Makosa hayo hayatokani na ujinga bali zaidi na majina, kwa kuwa «kununua», «hati», «leseni» na «mpangaji» ni maneno yenye maana moja kule tulikotoka na maana nyingine mbele ya jaji wa Kiingereza. Yafuatayo yanahusu England na Wales. Scotland ina sheria yake ya ardhi, na Wales nayo, tangu tarehe 1 Desemba 2022, ina sheria yake ya upangaji, kwa hiyo maelezo ya ushuru na ya upangaji yaliyo mwishoni yachukuliwe kuwa ya England peke yake.

«Tumekubaliana bei, kwa hiyo nyumba ni yangu»

Kifungu cha 2 cha sheria ya mali ya mwaka 1989 kinataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, ukusanye masharti yote yaliyokubaliwa na usainiwe na pande zote mbili. Kupeana mikono, hata mbele ya mashahidi kumi na picha zikapigwa, hakuzai mkataba. Dalali anapobandika kwenye bango kwamba nyumba imeuzwa, huwa ana maana kwamba bei imekubaliwa na mkataba unasubiriwa. Katika wiki au miezi inayofuata muuzaji anaweza kumpokea mtu mwingine mwenye bei kubwa zaidi, na mnunuzi naye anaweza kujiondokea, bila yeyote kumdai mwenzake fidia, ijapokuwa mnunuzi ameshamlipa wakili na mkaguzi wa jengo. Wengi huliita jambo hilo khiana, na kwa mizani ya uungwana ni khiana kweli. Hata hivyo si uvunjaji wa mkataba, kwa sababu mkataba wenyewe bado haujakuwapo.

Kinachofunga ni kubadilishana mikataba. Jina hilo humpa mtu taswira ya meza na kalamu, ilhali kwa kawaida wateja hawapo kabisa: kila wakili anayo nakala iliyosainiwa na mteja wake, wanapigiana simu, wanasomeana bei na siku ya kukamilisha, wanaandika saa na dakika, na tangu hapo hakuna kurudi nyuma. Mnunuzi hutoa amana, ambayo kwa desturi ni asilimia 10 ya bei. Akishindwa kukamilisha siku iliyopangwa, chini ya masharti yanayotumika sana hupewa ilani ya siku 10 za kazi, na zikipita bure muuzaji anaweza kuuvunja mkataba na kuizuia amana yote. Linalowashtua wengi zaidi ni bima. Kwa masharti hayo hayo, hatari ya jengo humhamia mnunuzi tangu simu ile ya mawakili, hivyo nyumba ikiungua wiki moja kabla ya kukabidhiwa ufunguo, bei bado inadaiwa. Bima na ianze siku ya kubadilishana mikataba, isingoje siku ya kuhamia.

«Mwenye hati mkononi ndiye mwenye nyumba»

Karatasi za zamani zenye lakiri zinapendeza fremuni, lakini kwa nyumba iliyosajiliwa haziamui umiliki. Masjala ya Ardhi ilianzishwa mwaka 1862. Tangu tarehe 1 Desemba 1990 kila eneo la England na Wales likawa ni la usajili wa lazima nyumba inapouzwa, na kwa sheria ya usajili wa ardhi ya mwaka 2002 umiliki wa kisheria huhama jina la mnunuzi linapoingizwa katika rejista. Bei ikiwa imelipwa na makochi yameshaingia sebuleni, rejista ndiyo bado inayosubiriwa. Mtu yeyote, hata jirani mdadisi, anaweza kulipa ada na kupata nakala inayoonyesha mmiliki ni nani na ni benki gani iliyoweka rehani juu ya nyumba hiyo.

Uwazi huu una upande wa pili. Matapeli hupenda nyumba tupu, zisizo na rehani, ambazo wenyewe wako mbali, na maelezo hayo yanalingana na nyumba za ndugu wengi waliorudi Zanzibar au Nairobi na kuziacha za England zikiwangoja. Mmiliki anaruhusiwa kuandikisha hadi anwani tatu za mawasiliano, ikiwamo ya baruapepe na ya nje ya nchi, na Masjala ina huduma ya bure ya kumtumia ujumbe mtu anapojaribu kugusa rejista ya nyumba yake. Nashangaa jinsi watu wachache ninaokutana nao wanavyoitumia.

Kuhusu mipaka, mstari mwekundu kwenye ramani ya rejista unaonyesha mpaka kwa jumla tu na si kwa kipimo kamili, na hakuna sheria inayosema kwamba uzio wa kushoto ndio wako.

«Tumeishi kama mume na mke, nusu ni yangu»

Sheria ya England haitambui ndoa inayojijenga yenyewe kwa miaka ya kuishi pamoja. Mwenzi ambaye hakufunga ndoa, na ambaye jina lake halimo katika rejista, huanza bila chochote, na mzigo wa kuthibitisha kwamba palikuwa na nia ya kumiliki kwa pamoja ni wake. Majina yote mawili yakiwamo, dhana ya awali ni nusu kwa nusu, lakini nayo inaweza kupinduliwa: katika kesi ya Jones na Kernott, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2011, mwanamume aliyeondoka mwaka 1993 na kumwachia mwenzake malipo yote ya nyumba aliishia kupata asilimia 10. Karatasi moja ya tamko la hisa, iliyosainiwa siku ya kununua, ingewaepusha na miaka ya mahakama.

Kwa wanandoa Waislamu lipo jambo moja la kuangalia kabla ya kusaini. Wanunuzi wakichagua umiliki wa pamoja usiogawanyika, anapofariki mmoja sehemu yake humwendea aliyebaki moja kwa moja, nje ya wosia na nje ya hesabu yoyote ya mirathi, na watoto au wazazi wa marehemu hawana wanachogawiwa katika nyumba hiyo. Anayetaka hisa yake irithiwe kwa wosia sharti achague umiliki wa hisa zilizotengwa.

«Fleti nimeinunua, ni yangu milele»

Tangu tarehe 1 Januari 1926, sheria ya mali ya mwaka 1925 inatambua aina mbili tu za umiliki wa kisheria wa ardhi: wa kudumu na wa muda. Fleti nyingi huuzwa kwa umiliki wa muda, yaani miaka 99, 125 au 999 inayohesabiwa tangu mkataba wa kwanza, na anayenunua leo hununua miaka iliyobaki. Juu yake yuko mwenye umiliki wa kudumu wa jengo, anayedai ada ya huduma na, katika mikataba mingi ya zamani, kodi ya ardhi ya kila mwaka. Kwa mikataba mipya ya muda mrefu iliyotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022, kodi hiyo haiwezi kuzidi kile ambacho sheria inakitaja kwa lugha ya kale kuwa ni punje moja ya pilipili manga kwa mwaka. Mtu wa Pemba atacheka, ila maana yake ni kwamba hakuna kinachodaiwa.

Kabla ya kupenda jiko na madirisha, uliza imebaki miaka mingapi. Ikishuka chini ya 80, gharama ya kurefusha muda huruka kwa kanuni ambayo sheria ya mwaka 2024 inakusudia kuiondoa, na benki nazo huanza kusita kukopesha.

«Mnunuzi ajionee mwenyewe, muuzaji hana la kujibu»

Hii ni nusu ya kweli. Muuzaji hawajibiki kusema kila kitu: mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa iliwakatalia wanunuzi waliokuja kugundua kwamba ndani ya nyumba yao paliwahi kufanyika mauaji, kwa kuwa wauzaji walijibu fomu kwa uaminifu na hawakuwa na wajibu wa kuitoa habari hiyo. Ila akijibu swali, jibu lazima liwe la kweli. Februari 2025 Mahakama Kuu iliubatilisha ununuzi wa jumba la Notting Hill lililouzwa mwaka 2019 kwa pauni milioni 32.5, kwa sababu muuzaji alikana kwamba kulikuwa na tatizo la wadudu, ilhali nondo walikuwa wameenea katika sufu ya kondoo iliyowekwa ndani ya kuta na alikwisha kupata taarifa za wataalamu juu yao. Wanunuzi walieleza kwamba waliwakuta hata kwenye miswaki yao. Jaji aliamuru fedha zirudishwe, baada ya kukatwa thamani ya muda walioishi humo.

«Nyumba ya Tanga haihusiani na ya hapa»

Mgeni anaruhusiwa kununua nyumba England. Sharti la uraia halipo. Wengi hukwama kwenye ushuru. Tuseme mtu ana nyumba yake Tanga, yenye thamani ya zaidi ya pauni 40,000, na sasa anataka kununua ya kuishi Reading kwa pauni 350,000. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, mnunuzi wa mara ya kwanza angelipa pauni 2,500. Yeye si wa mara ya kwanza, maana kuwahi kumiliki nyumba popote duniani, hata ya urithi, huondoa nafuu hiyo. Na kwa kuwa ya Tanga bado ni yake na hii mpya haichukui nafasi ya makazi aliyoyauza, juu ya ushuru wa kawaida usio na nafuu anaongezewa asilimia 5 ya bei yote. Jumla ni pauni 25,000.

«Bila mkataba wa maandishi, mpangaji hana haki»

Hapa sheria inageuka. Upangaji wa muda usiozidi miaka mitatu, kwa kodi ya soko na kwa kuingia mara moja, unaweza kuwa wa mdomo na ukawa halali kabisa. Wala mwenye nyumba hawezi kukwepa kwa kuchagua jina. Katika kesi ya Street na Mountford ya mwaka 1985, mama mmoja wa Bournemouth alikuwa akilipa pauni 37 kwa wiki kwa vyumba alivyokaa bila kuvishiriki na mwenye nyumba, chini ya karatasi iliyoitwa leseni, yaani ruhusa tu ya kukaa, na aliyoisaini akikiri kwamba si upangaji. Majaji wa Nyumba ya Malodi, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walisema ni upangaji: ana vyumba kwa matumizi yake pekee, kwa muda, kwa kodi. Lord Templeman alieleza kwamba anayetengeneza chombo cha kuchimbia chenye meno matano ametengeneza uma, hata aking'ang'ania kwamba alikusudia kutengeneza koleo.

Amana ya mpangaji haizidi kodi ya wiki tano pale kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000, na lazima ilindwe katika mpango uliokubaliwa ndani ya siku 30. Asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa kulipa mara moja hadi mara tatu ya amana hiyo. Ilani ya kumwondoa mtu bila kutaja sababu imefutwa England kuanzia tarehe 1 Mei 2026, chini ya sheria ya haki za wapangaji ya mwaka 2025. Kubadilisha kufuli mpangaji akiwa kazini lilikuwa kosa la jinai hata kabla ya hapo, kwa sheria ya mwaka 1977, hata kama anadaiwa kodi.

Anayepanga chumba katika nyumba ambamo mwenye nyumba anaishi, wakatumia jiko au bafu moja, yuko nje ya sehemu kubwa ya ulinzi huu. Kijana anayefikia kwa shangazi yake Luton na kumlipa kila mwezi anaweza kuambiwa ahame kwa ilani ya muda wa kiasi tu, bila amri ya mahakama, hata kama waliandikiana karatasi na kuiita mkataba wa upangaji.