Tokeni za senti za 1863: tafuta zilizochakaa

Mwaka 1862 chenji iliadimika Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepamba moto, benki zilishaacha kulipa dhahabu tangu mwisho wa 1861, na kila mwenye sarafu aliificha. Dhahabu ilitangulia kupotea, ikafuata fedha, na mwisho hata senti za shaba na nikeli. Watu wakalipana kwa stempu za posta, zikawa zinagandana mifukoni. Muuza bia au mikate angerudishaje chenji?

Wafanyabiashara wakaagiza senti zao wenyewe, yaani tokeni. Zilikuwa vipande vya shaba vya milimita 19, sawa na senti ya serikali, na inakadiriwa zilichapwa milioni 25 hivi, nyingi zikiwa na tarehe ya 1863. Baadhi ni za kizalendo, zenye bendera na kaulimbiu za Muungano, upande wa Kaskazini vitani. Nyingine, ambazo ndizo ninazozipenda, zina jina la duka na mji wake. Kipande kimoja kiligharimu chini ya senti, kwa hiyo mwenye duka alipata faida na tangazo kwa mkupuo.

Shika moja chini ya lenzi. Kwenye baadhi utasoma "ONE CENT" kwa herufi kubwa, na juu yake "NOT" ndogo mno: si senti moja. Ilikuwa kinga dhidi ya shtaka la kughushi fedha.

Hatari ilibaki kwa mpokeaji. Inasimuliwa kwamba kampuni ya magari ya farasi ya Third Avenue, New York, ilimpelekea muuza bia Gustavus Lindenmueller rundo la tokeni zake azikomboe kwa pesa halali, naye akakataa katakata. Sheria za Aprili na Juni 1864 zilileta senti ya shaba nyeusi (bronzi) na kupiga marufuku sarafu za watu binafsi.

Wanaoanza kukusanya tokeni hizi hukimbilia zilizochapwa kwa madini ya fedha au metali nyeupe. Mimi siwashauri. Nyingi kati ya hizo zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji wa enzi hizohizo, wala hazikununua hata mkate. Nunua ya shaba, ya duka, iliyolika kingo kwa kupita mikononi. Kiwango cha uadimu huanzia R1, zaidi ya 5,000 zinazojulikana, hadi R10, moja tu. Ukiona shaba ina rangi ya waridi inayong'aa, imesuguliwa kwa dawa, iache mezani.